Kambare wa Shangazi Ndani ya Ndege

Mimi ni mtu wa aibu. Nasema mapema ili msomaji asishangae nikinyamaza mahali ambapo mtu mwingine angepiga kelele. Shuleni, mwalimu akiita majina asubuhi, sauti yangu hutoka ndogo hivi kwamba mara nyingi huandikwa sikuja, nami nimekaa pale pale dawati la mbele, namtazama. Ninayotaka kusema huwa nayaandika jioni. Lakini mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili, nilipaza sauti mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili kwa sababu ya samaki.

Dada yangu alikuwa anaolewa Bwera. Asili yetu ni Kongo, upande wa Butembo. Baba alivuka mpaka zamani na biashara ya vitenge, akajenga Bwera, akabaki. Mambo ya harusi hakuyaacha ng'ambo. Kwetu, bibi harusi hatoki nyumbani kwa baba yake mpaka shangazi amshike mkono na kumvusha kizingiti. Si mama, si mama mdogo, si padri mwenyewe. Ni dada ya baba. Na baba yangu Mungu alimpa dada mmoja tu, ambaye alizaliwa Kasenyi ziwani, anauza samaki Kasese, na ana maneno ya kuwatosha madada wa baba wa ukoo mzima.

Tena shangazi haji mikono mitupu. Huleta samaki mzima, kichwa na mkia, akampa mama mkwe mbele ya watu. Samaki aliyekatika ni nyumba iliyokatika. Neno hilo shangazi yangu huliamini kuliko katekisimu, na katekisimu anaiamini sana.

Sasa wiki ile ya harusi mvua ya milimani ikateremka, mto ukabeba daraja. Magari ya Kasese yakaishia upande huu, ya Bwera upande ule. Mimi nilikuwa shuleni Kasese na ruhusa yangu mkononi, shangazi alikuwa sokoni na kambare wake, na dada alikuwa Bwera ndani ya chumba, amepakwa mafuta, anangoja. Wakwe walikuwa wamekwisha kuvuka kutoka Kongo na mbuzi wao. Askari wa mpakani waliwapa ruhusa mpaka Jumamosi jua likizama, wala si zaidi. Siku zile mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Ukifungwa, hakuna aliyejua utafunguliwa lini. Baba akatuma neno kwa vijana waliovuka mto wakining'inia kwenye kamba, njia isiyompitisha shangazi na samaki wake: shangazi asipofika kabla ya jua kuzama, wakwe watarudi na mbuzi wao, na dada atabaki ndani. Dada alikuwa amemngoja mwanaume yule muda mrefu, amewakataa wengine wawili, mmoja ana duka la mabati. Hakuna aliyetaka kumwona akibaki ndani.

Shangazi hakulia. Jumamosi asubuhi alinichukua shuleni, tukaenda kwa padri mwenye ndege.

Padri huyo alikuwa mzungu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa akipeleka dawa kwenye zahanati za huku na za Kongo kwa ndege ndogo ambayo ukiiona kwa mbali ungedhani ni panzi. Bwera alikuwa akitua kwenye uwanja wa mpira. Kiswahili alikipata Butembo, kwa hiyo alisema kama watu wa nyumbani.

"Mama, sikia," alimwambia shangazi pale kiwanjani Kasese. "Mu ndege yangu hapana kuku, hapana petroli, hapana samaki. Siku moja nilibeba samaki ya mutu, dawa yote ikanuka mwezi muzima. Bagonjwa balisema banameza samaki ya ngege."

"Samaki?" Shangazi akashika kifua. "Padri wangu, miye niko mutu wa kwenda harusi. Samaki ya nini?"

Padri akatupima kwenye mizani ya kahawa. Mimi nikapimwa na valizi yangu, ambamo mlikuwa na gauni la harusi lililopigwa pasi na viatu vyeupe, vya kwanza maishani mwangu vyenye kisigino. Mimi ndiye niliyepangiwa kumshikia dada mwavuli. Kisha akapimwa shangazi. Kisha shangazi akasema tumbo linamsumbua, akaenda nyuma ya ghala na kifurushi chake, na aliporudi hakuwa na kifurushi.

Alikuwa amenyooka. Sijawahi kuona mtu amenyooka vile. Alitembea kama afisa siku ya gwaride, shingo haigeuki, na alipotaka kutazama kushoto aligeuka mwili mzima. Nilijua kwa pua kabla ya kujua kwa macho: kambare alikuwa mgongoni, chini ya kikwembe, kile kitenge alichojifunga, kichwa katikati ya mabega na mkia kiunoni, amefungwa kwa vitambaa kama mtoto.

"Funga mudomo," akaninong'oneza, akanifinya.

Hakuwa na haja ya kuniambia. Kufunga mdomo ndiyo kazi ninayoiweza bila kufundishwa.

Padri alikaa mbele pamoja na kasha la dawa. Sisi wawili tulikaa nyuma, valizi mapajani mwangu. Ndege ikakimbia, ikaruka, nami nikaikumbatia valizi kwa mikono miwili. Milima ilikuwa mkono wa kulia, mawingu yamekaa juu yake kama vilemba. Chini niliona tambarare, miti michache, na vidoti vyeusi ambavyo padri alisema ni nyati. Nilisahau kuogopa. Nilikuwa natunga kichwani jinsi nitakavyoandika, nikafika kwenye neno "vilemba", padri akageuka.

"Nasikia harufu ya moshi."

Shangazi akatazama mbele, mnyoofu.

"Iko moshi!" Padri akaanza kugonga saa za vipimo zilizokuwa mbele yake, moja moja, akainama chini ya miguu, akanusa nyaya, akapapasa kasha la dawa. Ndege ikalala upande. "Kitu inaungua! Tunarudi Kasese!"

Tukirudi Kasese, dada hatoki ndani. Nilimtazama shangazi. Alikuwa amefumba macho, midomo inatikisika, na kwa mara ya kwanza nikamwona anashindwa kusema. Ikabidi nisogee karibu na sikio la padri.

"Ni samaki," nikasema.

"Nini?"

"Samaki. Wa moshi. Yuko mgongoni kwa shangazi."

Padri alimgeukia shangazi, akamtazama alivyokaa, na hapo ndipo akaelewa ule unyoofu wote. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Ndege nayo ikacheka, ikapanda na kushuka.

"Mama! Mgongoni!"

"Hukuniuliza mgongoni," shangazi akajibu. "Uliniuliza mu ndege."

Basi tukaendelea. Padri kila mara alitikisa kichwa na kucheka peke yake. Tukauvuka mto, nikaona daraja limekunjwa pembeni kama kitanda kibovu, na nikajua sasa tuko upande wetu. Mji mdogo wa Kinyamaseke ulikuwa unakuja mbele, mabati yanang'aa.

Ndipo nikasikia harufu nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa ya jikoni. Hii ilikuwa ya kinu cha kusaga mahindi pale Bwera, siku kinapokwama na mwenyewe kuanza kutukana.

"Mama, samaki yako iko na nguvu kabisa!" padri akasema kwa furaha.

"Padri," nikasema, "hii si samaki."

Hakusikia. Injini ilikuwa inanguruma, na sauti yangu mnaijua. Nikaona matone meusi yanatambaa juu ya kioo cha mbele. Nikavuta pumzi kuliko zote nilizowahi kuvuta, nikafungua mdomo, na saa ile ile injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

"HII SI SAMAKI!"

Nafikiri nyati walinisikia. Sauti yangu ilijaza ndege, ikajaza bonde, na hapakuwa na kitu kingine cha kusikia ila upepo. Pangaboi la mbele lilikuwa limesimama wima kama kidole kinachotuonya. Nilitaka kufa kwa aibu, halafu nikakumbuka kwamba huenda nikafa kweli, na hilo likanipunguzia aibu kidogo.

"Sawa," padri akasema polepole. "Haiko samaki."

Sasa, shangazi yangu alikulia ndani ya mitumbwi. Anajua chombo kikipata taabu mtu hufanya nini. Alijitupa sakafuni bila kupinda mgongo, kama gogo, akanivuta na mimi. "Kaa chini! Kaa katikati! Usisimame, tutapinduka!" Padri akapiga kelele tukae vitini tujifunge mikanda. Shangazi akamwambia yeye naye akae chini. Kisha akasimulia kwa haraka sheria ya pili ya ziwani, kwamba mtumbwi ukizidiwa hutupwa mzigo, na huanza mzigo wa mdogo. Kabla sijaelewa mdogo ni nani, alikuwa amefungua kidirisha na valizi yangu imekwenda.

"Mama! Unafanya nini!"

"Nakusaidia!"

Nilichungulia. Niliiona valizi ikizunguka, ikafunguka, na gauni langu likatoka likajitandaza hewani kama malaika anayeshuka peke yake bila haraka. Mwaka uliofuata nililiona gauni lile sokoni Kinyamaseke, limevaliwa na msichana anayeuza ndizi. Lilimkaa vizuri. Niliona aibu kumwuliza, nikanunua ndizi.

"Na samaki je?" padri akauliza. Alikuwa anatafuta mahali pa kutua, lakini mzungu yule hakuacha mzaha. "Samaki iko muzito kushinda valizi."

"Samaki haitupwi," shangazi akasema. "Utupe dawa yako kwanza." Akaanza Salamu Maria kwa sauti ya kuita wateja, akaipandisha kila aliporudia, mpaka sauti ikaanza kumpasuka.

Barabara ilikuwa chini yetu, nyoofu na tupu. Tangu daraja liondoke hakuna gari lililopita pale, na kitu kitupu hakikai kitupu kwetu: wanawake walikuwa wameigeuza uwanja wa kuanikia. Kwa juu niliona weupe, nikadhani ni maua. Ilikuwa mihogo. Mihogo juu ya mikeka, mihogo juu ya magunia, mwendo mrefu wa mihogo, na pembeni watoto wenye fimbo wakifukuza kuku. Watoto wakatazama juu. Fimbo zikabaki, watoto wakaondoka.

Tuligusa chini, tukaruka, tukagusa tena. Halafu dunia ikawa unga. Magurudumu yalisaga mihogo ya tarafa nzima, unga ukaingia kwa kile kidirisha cha shangazi, sikuona mkono wangu. Kitu kikakatika chini, ndege ikajivuta kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, ikasimama.

Shangazi akamaliza "sasa na saa ya kufa kwetu" kwa sauti ndogo, akaongeza amina.

Tulitoka weupe kutoka nywele mpaka vidole. Watu waliokuwa wanakuja mbio kutuokoa wakatuona, wakarudi mbio zaidi. Mmoja tu hakurudi, mama mnene mwenye jembe.

"Nani ameangusha ndege juu ya muhogo yangu?"

Padri akavua miwani, akabaki na macho mawili ya mviringo katikati ya unga. "Ni mimi, mama. Pole sana. Mupira ya mafuta ilipasuka."

"Hamuna barabara huko juu?"

Padri alipiga magoti akaanza kuokota mihogo. Yule mama alipotaka kuendelea na maneno, nyuma yake ikaja landirova ya jeshi na askari watatu. Walikuwa wamekaa kwenye kizuizi cha barabara tangu daraja lilipovunjika, bila gari hata moja la kusimamisha, na sasa Mungu amewapa ndege.

"Nyinyi! Mikono juu! Juu! Haraka!"

Mimi na padri tukainua. Shangazi akainua kidogo.

"Wewe mama! Juu kabisa!"

"Siwezi, afande."

"Juu!"

Akainua juu kabisa. Vile vitambaa vilivyostahimili kuruka na kutua havikustahimili amri ya jeshi. Kambare akateleza, na chini ya kikwembe cha shangazi, kwa nyuma, ukachomoza mkia. Askari aliyesimama nyuma yake akaruka hatua akashika bunduki. "Afande! Huyu iko na mukia!"

Wale watu waliokimbia, waliokuwa wameanza kurudi, wakakimbia mara ya pili.

Mkubwa wao, mtu mrefu mweusi tii mwenye sauti ya ngoma, akazunguka akamtazama shangazi nyuma, akanusa. "Hii nini?"

"Kambare, afande."

"Ya nani?"

"Ya mama mukwe."

Akatutazama sote: padri aliyejaa unga, msichana aliyejaa unga, mwanamke mwenye samaki mgongoni, na ndege iliyotoka sijui wapi karibu na mpaka. Nadhani mafunzo yake hayakugusa jambo kama hili. "Hakuna mtu anaondoka hapa," akasema. "Mpaka mkubwa atoke Kasese aje kuona."

"Atapita wapi?" shangazi akauliza. "Daraja haiko."

Afande akafikiri. "Basi mtangoja daraja."

Jua lilikuwa limekwisha kuvuka kichwa na kuanza kuteremkia Kongo. Nilimwona shangazi akilitazama. Sauti ilikuwa imemkauka kwa zile Salamu Maria, akasema kwa mkwaruzo, taratibu, tofauti kabisa na alivyo:

"Mwanangu, weye umeoa?"

"Usiulize askari maswali."

"Nauliza kama mama yako. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Nani alimutoa bibi yako mu nyumba ya baba yake?"

Askari mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Shangazi yake," afande akasema.

"Alikuja mapema?"

"Yule?" Ile sauti ya ngoma ikapasuka. "Alikunywa pombe kila nyumba ya njiani! Nilisimama nje mpaka mvua ikanyesha. Suti yangu ilitoa rangi. Baba yangu alikuwa amekwisha kufungua ng'ombe arudi nao!"

"Basi," shangazi akasema, "miye ndiyo ule shangazi. Na mutoto wangu iko ndani, na bakwe beko banafungua mbuzi."

Yule mama wa mihogo akatupa jembe chini. "Bibi harusi anangoja? Na munasimama hapa munaongea samaki? Afande, weye uko mutu gani?"

"Washa gari!" afande akanguruma. "Panda! Haraka! Samaki mbele!"

Padri alibaki kulinda ndege yake na kuokota mihogo. Akatukabidhi kasha la dawa tulifikishe zahanati. Askari mmoja akaachwa amlinde padri, na tulipoondoka nilimwona mama yule amekwisha kumpa askari gunia.

Tulikwenda mbio, mimi na shangazi nyuma, amemlaza kambare mapajani sasa, hana sababu tena ya kuficha. Alijaribu kunieleza jinsi ya kumshikia dada mwavuli, sauti haikutoka hata kidogo. Tukafika Bwera jua limekaa juu ya vilima vya Kongo, bado vidole viwili vitatu. Kwa mbali niliona kibanda cha majani, watu wamejaa, na wakwe wamesimama, kamba za mbuzi mikononi. Tumewahi, nikasema moyoni.

Nilisahau tumepanda nini.

Landirova ya jeshi ikiingia kasi uani mwa mtu, na afande akipiga honi kwa furaha, watu wa Bwera hawangoji kujua sababu. Sherehe yote iliingia kwenye shamba la kahawa na migomba. Wakwe waliingia na mbuzi. Kwaya iliingia bila ngoma. Bwana harusi, baadaye tuliambiwa, aliingia chooni akajifungia. Aliyebaki ni mama mkwe peke yake kwenye kiti chake, kwa kuwa miguu ilikuwa inamuuma.

Kwenye mgomba wa mwisho niliona mjomba wa bwana harusi akivuta mbuzi kuelekea njia ya mpakani. Shangazi alisimama, akafungua mdomo, akatoa pumzi tupu. Akanitazama. Mtu mwenye maneno ya ukoo mzima ananitazama mimi.

Nikapanda juu ya kiti cha landirova.

"MSIKIMBIE! HATUKAMATI MTU! NI SHANGAZI! AMELETA SAMAKI!"

Migomba ikatulia. Kichwa kimoja kikatoka kwenye kahawa, kichwa cha baba yangu. Alinitazama kana kwamba mwavuli umesema. Kisha vichwa vingine, kisha mbuzi.

Shangazi akashuka na kambare mikononi, mweupe kama mwashi. Mama mkwe akampokea samaki, akamgeuza, akagusa kichwa, akagusa mkia, akapitisha kidole mgongoni mwake kutafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Akanusa.

"Kwenu samaki inakaushwa kwa mafuta ya gari?"

"Ya ndege," nikasema. Siku ile mdomo ulikuwa umefunguka, haukutaka kufunga.

Akacheka, akapiga kigelegele, na wanawake wakampokea kutoka kila pembe ya shamba. Shangazi alikwenda chumbani moja kwa moja bila kunawa. Afande akamfuata mpaka mlangoni akasimama hapo, anakitazama kizingiti. Na mkono wa shangazi ulipotoka, na mkono wa dada ndani yake, na unyayo wa dada ukavuka, afande akavua kofia. Jua lilikuwa bado na kidole kimoja.

Nilikuwa upande wangu na mwavuli, sketi ya shule imejaa unga, miguu mitupu. Ndala zangu zilibaki kwenye ndege. Dada akainamisha kichwa ndani ya shela.

"Viatu vyako viko wapi?"

"Vilishuka kabla yetu," nikamwambia.